Plau ya Sahani Tatu

Kambi ya visima, karibu na Lokitaung
5 Januari 2025

Dada Esnah,

Salamu kutoka kwenye joto. Mimi ni mzima, ila nyama yote imekwenda na jasho, imebaki ngozi na hii kalamu. Kisima cha tatu kilitoa maji juzi, na akina mama wa huku walicheza mpaka vumbi likafunika mitambo. Nilitamani ungekuwepo. Nyinyi Kimulot mnalalamikia matope, na huku mtu mzima nimemwona akibusu bomba.

Krismasi tulikula mbuzi, mimi na Kebaso, dereva wetu wa lori. Ndiye anayebeba barua hii hadi ofisi ya mizigo Lodwar, kwa sababu hapa kambini simu ni ya kuangalia saa tu. Barua ikichukua siku kumi, usiseme nimekusahau.

Sasa lile bega. Umeniandikia kwamba daktari wa Longisa amekukataza kushika panga miezi sita, na mimi nakujua, utashika. Wale ng'ombe, Malkia na Zawadi, wanataka majani ya nepia kila siku, na nepia haijikati. Najua pia huwezi kuwauza. Shemeji Nyang'au, Mungu amlaze pema, aliwanunua kwa pesa za kustaafu kule shamba la chai, na akakuachia wewe. Kwa hivyo nisikilize. Jumamosi tarehe kumi na nane kuna mnada Kericho wa vifaa vya shamba vilivyotumika. Kuna mashine ya kukata nepia, ya injini ya petroli. Kuna mtu wangu ameiona kwa macho. Pesa nimekutumia kwa simu nilipokuwa Lodwar. Ni ya mashine na ya gari la kuibeba, haina kazi nyingine.

Fika mapema, wakati wanaruhusu watu kuangalia. Waambie wawashe injini, usione haya. Utajiandikisha na kupewa kibao chenye namba. Hicho kibao ndicho mdomo wako siku hiyo: ukikiinua, umesema. Usimsalimie mtu nacho. Vitu vinauzwa jinsi vilivyo, na ukishagongewa nyundo hakuna kurudisha.

Winny sijamtaja, kwa sababu uliniambia nisimtaje.

Mdogo wako,
Ombui


Kimulot
22 Januari 2025

Ndugu yangu Ombui,

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya dizeli, na nikafurahi hivyo hivyo. Hapa sote tuko salama. Baridi ya asubuhi ni kali, majani chai yamepungua kidogo, na kanisani wamenichagua tena mweka hazina ingawa nilikataa mara mbili. Mzee Oyaro, kaka ya marehemu, anakusalimu. Anasema huko Turkana ukipata mke usiogope kusema, yeye bado ana nguvu za kutembea kwenda kuposa.

Umesema hukumtaja Winny, na hapo hapo ukamtaja. Mimi nimefundisha nasari miaka ishirini na sita, huo ujanja naujua. Mtoto aliacha chuo cha uuguzi imebaki muhula mmoja, akaenda Mulot kwa huyo Kipkoech wa trekta, na mpaka leo, mwaka wa tatu, hakuna mzee aliyetumwa hapa kusema hata "hodi". Siku ya mazishi ya baba yake alikuja, akalia, akarudi. Mimi sina la kuongeza.

Mnadani nilienda. Watu walikuwa wengi, na kulikuwa na mvua ya manyunyu. Nilinunua. Mzigo umefika nyumbani bila shida, uko kando ya jikoni, nimeufunika na turubai. Ni chuma kizito, si hivi vya siku hizi vya kupinda ukivikalia. Vijana wanne ndio walioushusha.

Asante sana kwa pesa. Mungu akubariki mahali ulipotoa.

Dada yako,
Esnah


Lodwar
9 Februari 2025

Dada Esnah,

Leo nakuandikia kutoka mjini, nimekaa kwa meza na kuna soda baridi mbele yangu, kwa hivyo usishangae mwandiko ukiwa mzuri. Tulikuja kuchukua vipuri. Kebaso amepata homa lakini amepona. Mwambie Mzee Oyaro mke wangu atakuwa yule atakayekubali kulala na kelele za jenereta, na bado namtafuta.

Nilikupigia simu mara mbili leo na mara moja jana. Mteja hapatikani, mteja, mteja. Kwani simu uliipeleka wapi?

Nilitaka kusikia habari za mashine. Injini inashika mara ya kwanza ama mpaka uibembeleze? Inakata vipande vidogo? Malkia anachagua sana, akiona shina refu analiacha. Na bega linaendeleaje sasa kwa kuwa hushiki panga? Mwambie Cherotich jirani akupige picha ukiwa na mashine, anitumie kwa simu yake. Nitaiangalia siku nikirudi mahali penye mtandao.

Nikisoma tena barua yako, naona umeandika mistari minane juu ya Winny na mitano juu ya mashine. Ni sawa. Nimehesabu tu.

Mdogo wako,
Ombui


Kimulot
24 Februari 2025

Ndugu yangu Ombui,

Tumshukuru Mungu wa kutuamsha. Pole kwa Kebaso, mwambie anywe maji ya moto na ndimu. Sisi tumepata mvua mbili nzuri. Cherotich anakusalimu, ng'ombe wake amezaa ndama jike, na ameniletea kibuyu cha mursik, maziwa yenye majivu yake kabisa. Nimeyanywa peke yangu siku tatu.

Simu yangu betri imezeeka. Inalala sana.

Mashine uliyouliza: ina makali. Hiyo naweza kukuambia bila wasiwasi. Iko pale pale kando ya jikoni. Kuku wawili wameipenda, wanatagia chini yake, na mayai ya mwezi huu nimeyapata hapo bila kutafuta. Picha hatujapiga kwa sababu Cherotich akiangalia upande huo anaanza kucheka, na mtu anayecheka hawezi kushika simu ikatulia.

Zawadi amepunguza maziwa kidogo. Ni kawaida. Nepia inakatwa kila asubuhi, usihangaike.

Samahani kwa mwandiko. Kalamu ni mbaya.

Dada yako,
Esnah


Kambini
11 Machi 2025

Dada,

Tuko salama. Kisima cha nne kimekauka, tunahamisha mitambo.

Wewe uliyenichapa viboko kwa sababu ya herufi ya "g" iliyolala, leo barua nzima yako imelala upande wa kushoto. Hiyo si kalamu. Ni mkono gani uliandika?

Sitauliza tena habari za mashine. Nakuambia tu jambo moja: hakuna chuma duniani kinachoweza kutuchukulia undugu wetu, hata kingekuwa cha bei gani. Kama kuna neno, liseme. Kama halipo, basi niambie tu mayai ni mangapi.

Ombui


Kimulot
23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, na sijapika. Nimekaa kwanza niandike. Salamu utaweka mwenyewe.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha miezi miwili. Kile kilicho kando ya jikoni si mashine ya nepia. Ni plau. Plau ya trekta, ya sahani tatu, nyekundu pale ambapo rangi imebaki. Mimi Esnah, mwenye nusu ekari ya chai na kipande cha nepia, nisiye na trekta wala baiskeli, nina plau. Cherotich aliiona siku ya kwanza akaniuliza, "Mama Winny, ama unataka kulima barabara ya lami?" Na kila asubuhi akipita anauliza kama trekta limezaliwa.

Wacha nikuambie ilivyokuwa. Nilifika mapema kama ulivyosema. Mashine ya nepia niliiona, nikawaambia wawashe, ikanguruma vizuri, nikaipenda. Kwenye orodha ilikuwa namba arobaini na moja. Nikasimama kungoja zamu yake, baridi kali, leso mabegani. Kibao changu nimekishika mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haupandi.

Wakafika namba ishirini na saba, hiyo plau. Dalali akaanza kuita bei. Mimi hata sisikilizi. Nikainua macho tu, na nani amesimama ng'ambo ya plau, kofia mkononi, ananiangalia? Kipkoech. Mume wa Winny. Nilimwona mara moja tu, kwenye mazishi, alisimama nje ya ua mpaka tukamaliza, lakini urefu ule hausahauliki.

Sasa wewe ni Mgusii, sihitaji kukufundisha ensoni. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani uso kwa uso, na hao ni wale waliolipiana ng'ombe. Sembuse huyu ambaye sijamkubali wala kumkataa. Nikafanya alivyofanya mama yetu na mama yake: nikavuta leso nikajifunika kichwa na uso. Na nimeivuta kwa mkono gani? Ule wenye kibao.

Yeye naye, nafikiri, alipata haya. Akahama, akaenda nyuma ya pampu za kunyunyizia dawa. Nikashusha leso kidogo nipumue. Kumbe pampu zimemfikia kifuani tu, kichwa kiko juu pale. Nikavuta tena. Akahama upande wa pili. Nikageuka, na huko nako nikamkuta, nikavuta mara ya tatu. Hapo nikasikia nyundo, na dalali anasema, "Imekwenda kwa mama wa leso." Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Niliangalia nyuma kumwona huyo mama.

Nilipoenda kuuliza, waliniambia kwa adabu kwamba nilipandisha bei mara tatu mbele ya watu wote, tena kwa nguvu, mpaka yule aliyekuwa akishindana nami akateremsha kibao chake. Wameandika kanuni kubwa ukutani, nami ni mwalimu, nilizisoma asubuhi. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nikimwonea mkwe haya? Pesa yako yote iliishia pale, mpaka ya gari la mzigo, na la kuileta nyumbani nikalilipa kwa pesa ya maziwa. Namba arobaini na moja sikuingoja. Nilisikia injini yake ikiwashwa tena nikiwa getini, na machozi yakanitoka, Ombui. Sitaki kukuficha na hilo.

Mwenye vyuma chakavu alikuja Februari, akataka kuinunua kwa kilo. Nikamfukuza. Simu nimekuwa nikiizima kwa sababu sauti yangu haijui kudanganya. Kalamu inajua kidogo, ingawa ukirudia barua zangu utaona kwamba nje ya ile kalamu mbaya sikusema uongo mwingi.

Nepia nimekuwa nikikata kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia limeamua kuvimba hivyo hivyo, na la kushoto limeanza kunung'unika. Hii barua naandika nimelaza mkono juu ya mto. Siwezi tena. Kuna mnunuzi kutoka Litein, amemwangalia Malkia meno na kiwele, tumekubaliana. Anakuja kumchukua Jumatatu ya Pasaka. Malkia ndiye Nyang'au alimpenda kuliko Zawadi, lakini Zawadi ana mimba, siwezi kumuuza.

Ulinipa kazi moja, nikaiharibu. Nisamehe.

Esnah


Lodwar
6 Aprili 2025

Dada yangu Esnah,

Barua yako ilinifikia jana kambini na leo niko Lodwar. Nilimwomba Kebaso tuondoke alfajiri. Alilalamika njia nzima, lakini alikanyaga mafuta. Nimepiga simu yako, mteja, basi hii inakuja kwa basi la kwanza na nimelipa zaidi ili ifike kabla ya Pasaka. Soma mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Malkia asitoke nyumbani.

Wewe umesema yako, nami nitasema yangu. Nilijua. Nimejua habari ya plau tangu mwisho wa Januari, hata kabla ya kukuuliza kama injini inashika.

Yule mtu wangu aliyeona mashine ni Kipkoech. Tumekuwa tukizungumza kwa simu, mimi na yeye, mwaka mzima, kila nikifika Lodwar. Nilijua mnadani kuna watu wa kuwapandishia wageni bei, na wewe unaenda peke yako na bega bovu. Nikamwambia, "Nenda, simama mbali, asikuone, lakini mtu akimchezea dada yangu uingilie." Nikamwambia asikuone. Mtu mwenye urefu ule, kweli nilikuwa nafikiri nini?

Naye alikuwa na haja yake. Plau yake ilivunjika shingo Novemba, na trekta bila plau ni kiti tu. Aliweka pesa akitaka hiyo ya sahani tatu. Ndiye uliyekuwa ukishindana naye, dada. Anasema alikuwa ameinua kibao mara tatu bila kujua nani anayempandishia bei, kisha akaona ni wewe, na akateremsha. Mimi nilimuuliza kwa nini hakuongeza kidogo. Akanijibu, "Mjomba, hata sisi Wakipsigis tuna heshima. Nitashindanaje na mama ya Winny mbele ya watu?"

Sasa sikiliza vizuri. Alikuona ukitoka getini. Akajua pesa imekwisha. Akabaki mpaka namba arobaini na moja, na pesa yake ya plau akainunulia mashine ya nepia. Iko Mulot, kwenye stoo yake, imefunikwa, haijakata hata jani moja. Yeye amekuwa akikodi plau ya watu msimu mzima, na wewe umekuwa ukiokota mayai chini ya yake.

Utauliza kwa nini hakuileta. Nilimwambia ailete. Akasema hawezi kuingia kwa mama mkwe bila kuitwa, tena na mashine, kana kwamba anakuja kukununua. Anangoja neno lako. Na mimi sikukuambia kwa sababu ningelazimika kukuambia kwamba ninazungumza naye nyuma ya mgongo wako. Nilidhani unanunua nepia iliyokatwa kwa Cherotich. Sikujua kwamba unakata kwa mkono wa kushoto. Ningejua siku ile ile ningesema, hata kama ungeninyima salamu mpaka kaburini. Hilo ndilo linaniuma, na ninaomba radhi.

Jambo la mwisho, halafu nimalize. Winny ana mtoto wa miezi minane. Ulisema usiambiwe lolote, kwa hivyo hukuambiwa hata jina. Anaitwa Lenah. Lenah Chelang'at. Hilo la kwanza ni la mama yetu, na Winny ndiye alilichagua.

Washa simu, dada.

Ombui


Kimulot
12 Mei 2025

Mdogo wangu Ombui, msaliti mpendwa,

Mimi ni mzima, na nyumba ni nzima, na naandika kwa mkono wa kulia, angalia herufi zilivyosimama. Mvua ni nyingi. Majani chai yanatoka mpaka wachumaji hawatoshi. Zawadi anakaribia kuzaa. Cherotich hana tena cha kunichekea, na naona anakikosa.

Barua yako ilifika Alhamisi kabla ya Pasaka. Niliisoma dukani pale pale nimesimama, nikaisoma tena nimekaa juu ya gunia la mbolea. Nilikukasirikia kama dakika kumi. Kisha nikacheka mpaka mwenye duka akanipa maji. Miezi mitatu, Ombui, nimelala na plau ya mkwe wangu na yeye amelala na mashine yangu, na wewe umekaa Turkana unaniuliza kama inakata vipande vidogo.

Nikawasha simu. Namba ya Winny sikuwa nimeifuta, nilikuwa nimeiandika jina "Usipige". Nikapiga. Aliposema "mama" mimi nilisahau hotuba yote niliyokuwa nimepanga. Nikamwambia, "Mwambie aje na mashine yangu, na achukue plau yake." Akauliza, "Ni hayo tu?" Nikamwambia, "Na mje na Lenah." Hapo simu ikala pesa yote, ikakatika.

Walikuja Jumamosi ya Pasaka. Trekta lilitoka Mulot alfajiri na likafika hapa saa sita, trela nyuma, mashine imefungwa kwa kamba juu yake. Kipkoech hakuingia. Alisimamisha getini, akashuka, akasimama upande wa barabara akiangalia kichaka cha chai cha Cherotich kana kwamba ametumwa kuhesabu majani yake. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni. Mzee Oyaro akawa anakwenda huku na huku kati yetu na fimbo yake, akibeba maneno. "Mama anauliza mafuta yanatiwa wapi." "Mkwe anasema hapa juu, na usijaze." Baada ya safari ya tano akatuambia miguu yake imechoka na ensoni yetu, tuzungumze na ukuta wenyewe. Basi nikauambia ukuta wa jikoni yangu, naye akasogea upande wa pili akauambia yake, na tukaelewana.

Walipoinua plau, kuku mmoja alikataa kutoka. Nimempa Winny, pamoja na mayai yake.

Yule wa Litein alikuja Jumatatu. Nikamwambia Malkia haondoki, samahani kwa safari. Akaniuliza nimebadilisha nia kwa sababu gani, na kwa kuwa nilikuwa nimewasha mashine sikumsikia vizuri. Alikunywa chai, akaenda bila kinyongo. Bega sasa linapanda mpaka usawa wa sikio. Daktari amefurahi.

Lakini sababu ya barua hii ni juzi, Jumamosi. Wazee wa Kipkoech walikuja kusema ile "hodi" niliyoingoja miaka mitatu. Walikuja watano, wamevaa makoti, na mitamba watatu. Mzee Oyaro alikuwa ametaka wanne, akashika hapo hapo, hashuki, hapandi. Mzee mmoja wa kwao, Mzee Gibson, akaomba kutoka nje, akatembea mpaka kwenye zizi, akaiangalia mashine ya nepia, akarudi. Akasema, "Wanne wamefika. Huyu wa nne alitangulia tangu Pasaka. Anakula nepia kutwa na hajawahi kushiba." Oyaro alijaribu kununa, lakini wewe unajua ndevu zake zinavyomsaliti. Zikatingishika. Akasema andika wanne. Kwa hivyo ujue kwamba mashine uliyonituma kununua imeingia kwenye mahari ya mpwa wako, na ni ng'ombe. Mbuzi wako wa mjomba amefungwa hapa nje. Njoo umchukue kabla hajamaliza maua yangu.

Winny anarudi chuoni Septemba kumaliza ule muhula. Sikumwambia mimi. Kipkoech ndiye alisema mbele ya wazee, kwamba msimu huu plau imelima vizuri na karo ipo, na Lenah atakaa na kogo, nyanya yake, Kimulot siku za wiki. Kogo ni mimi.

Kabla hawajaondoka, Oyaro akasema sasa ni halali, mkwe aingie amsalimie mama. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, Lenah amelala mapajani mwangu. Ana kidevu cha mama yetu, Ombui, kile kile cha ubishi. Nikasikia viatu vyake vikifutwa matope nje, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akainama kuingia, kofia mkononi, macho chini. Nami nikafanya ninavyojua kufanya. Nikainua mkono wa kulia, ule uliokuwa hauinuki, nikavuta leso mpaka kwenye nyusi, nikangoja kidogo.

Hakuna aliyegonga nyundo.

Dada yako,
Esnah